Wekundu Usiofika Kwenye Karatasi

Jumanne. Ukungu umeikalia Tukuyu tangu alfajiri na hauna dalili ya kuondoka. Nguo nilizofua Jumamosi bado mbichi kwenye kamba. Nimejifungia chumbani kwangu hapa Ibighi, jioni bado mapema, na koti sijavua.

Nina hofu. Niseme hivyo tu kwanza.

Wanaonisoma humu bloguni wananijua: mtunza takwimu wa kituo cha afya, mtoto wa Dodoma niliyeletwa na ajira kwenye baridi hii, mwenye ugonjwa wa kutaka kila kitu kikae sawa. Kompyuta ya kituo ilipokuja, sikutulia mpaka nimebadilisha mipangilio yake. Kila jedwali jipya lilifunguka na maandishi madogo ya kukodolea macho, mistari haichapwi, tarehe inaanza na mwezi. Nikatengeneza kiolezo changu, nikakifanya ndicho cha kuanzia, ili yeyote atakayefungua jedwali jipya akute kila kitu kimeshanyooshwa. Nilijisifu humu humu, nanyi mkanipongeza.

Kulikuwa na badiliko moja dogo ambalo sikulitaja. Printa yetu ina tabia ya kuacha michirizi, na mganga mfawidhi, bosi wetu, alikuwa akilalamika kila akishika karatasi: hiki ni kistari cha kutoa au ni uchafu? Programu inakupa njia nyingine. Namba iliyo chini ya sifuri inaweza kuandikwa kwa rangi nyekundu, bila kistari. Nikaichagua iwe hivyo kwa majedwali yote. Kwenye skrini ilipendeza sana.

Printa yetu ina wino mweusi tu.

Hilo nalijua tangu siku ya kwanza. Sielewi kwa nini mambo haya mawili hayakukutana kichwani mwangu.

Nesi wa chanjo yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo kipimajoto cha friji ya chanjo kinasomwa na dada Tumaini, mhudumu wetu. Aliambiwa asome, aingize kwenye kompyuta, asiguse kitu kingine. Mimi nachapa karatasi bila kulikagua jedwali, mfawidhi anasaini, inabandikwa kwenye mlango wa friji. Namba inatakiwa iwe kati ya mbili na nane. Karatasi zetu zote zilikuwa humo humo. Tatu, nne, tatu tena. Tukawa tunasaini na kubandika.

Leo karatasi zilikuwa zimenyonya unyevu, printa ikazitafuna moja baada ya nyingine. Mfawidhi akachoka kusubiri, akaja kusomea kwenye skrini yangu.

"Bwana takwimu, hizi nyekundu ni za nini?"

"Hizo ni za chini ya sifuri, daktari," nikamjibu, tena kwa madaha ya mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

Ndipo nikasikia nilichosema. Mfawidhi alivuta kiti akakaa, akaanza kuzihesabu. Tatu nyingi kati ya zile zilikuwa hasi tatu. Friji yetu ilikuwa inagandisha, na karatasi mlangoni pake ilikuwa inasema mambo ni mazuri.

Tumaini aliitwa. Maskini, alikuja akijifuta mikono.

"Mimi nikiandika naona inawaka nyekundu, nikajua wakubwa mmeshaona. Si ndiyo maana inawaka?"

Sikuweza kumtazama. Alifanya alichoambiwa. Kila mtu alifanya alichoambiwa.

Mfawidhi alitoa kichupa kwenye friji, akakitikisa, akakiweka dirishani. Tukakisubiri. Maji yalipanda juu, vipande vyeupe vikatulia chini. Chanjo ya namna ile ikiganda ndiyo imeharibika. Mtoto anachomwa, analia, kadi yake inaandikwa, na kinga hana ya kuitegemea. Na vichupa vya boksi lile ndivyo tulivyobeba wiki iliyopita kwenye huduma ya mkoba, tulipowafuata akina mama kijijini Kinyala, kule mlimani.

Akina mama waliokuwa nje leo waliambiwa chanjo imeisha. Kuhusu Kinyala, mfawidhi alisema tuandike kwanza wilayani, tusubiri maelekezo. Tukiropoka sasa, alisema, watu hawa hawataleta mtoto tena. Maneno yake yana uzito, najua. Lakini niwe mkweli: nilifurahi kuyasikia. Ajira yangu ndiyo kwanza imethibitishwa, na kusubiri maelekezo kulinipa pa kujificha.

Kabla ya kutoka nilirudisha kistari kwenye mipangilio. Ni kubofya tu mara chache. Safu nzima ikabadilika mbele yangu, mpaka chini.

Nilipita Bagamoyo, mtaa wa hapa hapa Tukuyu, kununua mkate. Pale madukani nikasikia naitwa. Alikuwa Mama Gwakisa wa Kinyala, ameshuka na ndizi zake, mtoto mgongoni. Ni mmoja wa wale wa wiki iliyopita. Kadi ya mtoto wake niliiandika mimi mwenyewe.

"Ndaga fijo, dokta," alinishukuru kwa Kinyakyusa. Kwake yeye, wote wa kituoni ni madokta. "Katoto hata homa hakakupata. Kaka yake ndiye anatutesa, anakohoa mpaka anatapika. Ila haka sina wasiwasi nako, nimewalaza pamoja wapate joto. Si kameshachanjwa?"

Anakohoa mpaka anatapika. Mimi si daktari, lakini kifaduro nakijua, nakiandika kwenye ripoti kila mwezi, na ndicho mojawapo ya magonjwa ambayo chanjo ile ilipaswa kumkinga nayo mtoto.

Nilitamani kumjibu "vizuri, mama," niendelee na safari yangu. Neno lilifika mdomoni kabisa. Badala yake nikamwambia asiwalaze pamoja tena. Akauliza kwa nini. Nikamwambia dawa tuliyompa mtoto ilikuwa imeharibika, kwamba kosa ni langu, na kwamba awalete wote wawili kituoni kesho asubuhi, mfawidhi atawapokea.

Hakupiga kelele. Alimshusha mtoto, akamshika shingo kwa kiganja, akamtazama muda mrefu. Kisha akaniuliza.

"Na wenzangu tuliokuwa nao foleni, umewaambia?"

Sijawaambia. Nimempigia mhudumu wa afya wa kijiji tangu nifike hapa, simu yake haipatikani. Mfawidhi nimemwandikia kwamba nimeshasema, na kwamba kesho nitapanda Kinyala kabla ya kupita ofisini. Ujumbe ameusoma. Hajajibu.

Lakini hiyo ni kesho. Sasa hivi giza linaingia, baridi imezidi, na kule juu akina mama wanawasogeza watoto wao karibu karibu ili wapate joto.