Mita Hamsini Kutoka Jikoni

Vale da Urze, 3 Februari 2019

Kwa mdogo wangu Armindo,

Salamu, baada ya miaka kumi na moja. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Naamini huko Luxembourg wewe na mkeo Fernande ni wazima, na baridi haijawamaliza.

Usijivune, siandiki kwa sababu nimekukumbuka. Halmashauri imebandika tangazo kwenye mlango wa kanisa: vichaka vifyekwe mita hamsini kuizunguka kila nyumba, kabla ya Aprili kwisha, na anayefyeka ni mwenye ardhi. Katika mita hamsini za juu ya jiko langu, arobaini ni zako. Tangu Baba alipotugawia, mimi nyumba na wewe kilima, hujakata hata tawi. Vichaka vinanifika kifuani na misonobari imeshikana mikono. Mwaka juzi moto ulipopita kijiji cha jirani, Bi Etelvina aliungulia ndani ya nyumba yake. Unamkumbuka, alikuwa akitupa jibini. Naogopa, Armindo. Njoo ufyeke, au niruhusu nitafute mtu.

Dada yako,
Deolinda


Esch, 20 Februari

Kwa Deolinda,

Hatujambo. Theluji tu.

Leo ndio unakumbuka kuwa kilima ni changu? Mumeo Ilídio, Mungu amrehemu, alilisogeza jiwe la mpaka alilosimika Baba, akala hatua tatu za ardhi yangu apate pa kujenga banda la kuni. Niliposema, ukaniita mwongo mbele ya kijiji kizima, ukaapa kwa roho ya Mama. Sasa wataka ruhusa ya mwongo? Asikanyage mtu. Faini ikija, wailete huku.

Armindo


Vale da Urze, 12 Machi

Mdogo wangu,

Salamu tena. Magoti ni yale yale.

Faini utalipa wewe, lakini nitakayeungua ni mimi. Hilo umelifikiria? Sheria inaniruhusu kuingia kwako nikishakupa taarifa, na taarifa nimeshakupa. Ila sitaki kuingia kwa ndugu yangu kwa nguvu ya halmashauri. Watu huku wamechanganyikiwa kwa woga. Jirani yangu Hermínia amekata hadi mlimau wake, na tangazo wala halikugusa miti ya matunda. Sasa kila akikaanga samaki analia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Armindo, na mkuu hapa ni mimi.

Dada yako,
Deolinda


Esch, 27 Machi

Dada,

Hatujambo. Fernande alicheka habari za mlimau, kisha akanisema wiki nzima kwa ajili yako.

Haya, fyeka. Lakini ukifika kwenye jiwe, chimba chini yake. Nilikuwepo siku Baba alipolisimika. Alivunja kigae vipande viwili akavizika chini, kimoja kila upande, kama walivyofanya wazee wote wa huko. Aliviita mashahidi. Mwizi wa mpaka hubeba jiwe, mashahidi huwasahau. Mwaka ule nilitaka kuchimba, ukasimama juu ya jiwe na jembe mkononi. Ukivikuta vigae hapo, nitafunga mdomo maisha yangu yote.

Armindo


Vale da Urze, 18 Aprili

Mdogo wangu Armindo,

Salamu. Leo sina uso wa kuuliza mengi.

Nilimwajiri Belmiro, tukafyeka siku nne. Tulipolifikia jiwe nilimwambia aende akale, nikachimba peke yangu. Hakuna kitu. Nikahesabu hatua tatu kushuka kuelekea nyumbani, nikachimba tena mpaka mikono ikatoka malengelenge. Vikatokea vipande viwili vya kigae. Nimeviunganisha mezani, vimeingiana sawasawa.

Hakuna aliyeniona. Ningeweza kuvitupa kisimani nikakuandikia kwamba vilikuwa chini ya jiwe. Siku mbili nimekaa navyo nikiwaza hivyo. Ilídio alinidanganya, nami nikaapa bila kuchimba, kwa sababu nilikuwa mkewe. Ulisema kweli. Nisamehe. Jumapili ijayo Belmiro atanisaidia kulirudisha jiwe mahali pake.

Dada yako,
Deolinda


Esch, 23 Aprili

Dada yangu Deolinda,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Magoti umeyapeleka kwa daktari?

Barua yako niliisoma ndani ya basi, nikapitiliza kituo, nikachelewa kazini. Msimamizi akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, dada yangu kaniandikia.

Jiwe usilirudishe. Ukilirudisha, hatua tatu zitakuwa zangu, na sheria itanitaka nizifyeke kila mwaka, nami niko huku. Liache lilipo. Ardhi hiyo iwe yako, na vichaka vyake viwe vyako. Sikuwa na njaa ya hatua tatu, Dada. Kilichoniuma ni kwamba hukuniamini.

Agosti tuna likizo. Tungependa kulala kwako, kama chumba kipo.

Mdogo wako,
Armindo


Vale da Urze, 2 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa Fernande, nimwone na mimi huyo anayenitetea.

Chumba kipo. Lakini msije Agosti. Agosti ni kiangazi, ni marufuku kuwasha msumeno wa mashine kwa hofu ya moto, na misonobari yako bado imebanana kuliko inavyoruhusiwa. Njooni Juni, uikate.

Jumapili baada ya misa nilikwenda makaburini nikamgombeza Ilídio. Nilimgombeza kwa sauti, watu wote wakasikia, wakaja kuuliza, nami nikawaambia kila kitu. Kwa hiyo ukifika usizungukie njia ya nyuma. Pita katikati ya kijiji.

Dada yako,
Deolinda