Tundu Chini ya Kiti cha Kati

Cheyo, Tabora
Jumanne, 4 Juni 2024

Kwa dada yangu mpendwa Veneranda,

Shikamoo dada. Mwangaluka hapo nyumbani, na mama mkwe wako naye mfikishie shikamoo yangu. Natumaini barua hii inakukuta salama, kifua kimetulia, na Recheli anaendelea vizuri na mafundisho ya kipaimara. Huku kwetu sote wazima. Mke wangu Suzana anakusalimu sana, anasema karanga zilifika na zimeshaliwa. Mimi afya ninayo. Usingizi ndio sina, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike.

Najua utashangaa kuletewa karatasi na Shamila wa dagaa wakati simu ipo. Lakini simu hapo kwenu ni moja, na shemeji Masolwa akiipokea huiweka sauti ya nje katikati ya meza, mtu hawezi kusema lake. Hili halifai kusikilizwa na meza nzima. Kabla hujasoma zaidi, nakuomba uchukue ufunguo wa gari lenu, ile Noah, uufiche. Usiuweke kwenye kabati la vyombo, hapo ndipo atakapoanza kutafuta. Kisha kaa chini usome.

Shemeji alikuja hapa gereji Alhamisi ya wiki iliyopita. Alisema sakafu ya gari imeoza kwa kutu chini ya kiti cha kati, anataka nikate bati la pale. Mimi nimekata bati miaka kumi na sita. Nilifungua kiti, nikafunua zulia, nikagonga sakafu kwa nyundo, ikalia kama sufuria mpya. Bati lililooza halilii hivyo, nyundo huzama. Nikamwambia hapa hakuna kutu. Akasema nikate tu. Akatoa mfukoni kamba yenye mafundo mawili, akailaza juu ya bati na kunionyesha mraba wa kupitisha mikono miwili. Nikasema moyoni kwamba mtu mwenye kutu hapimi kwa kamba.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni maswali yake. Wateja wangu huuliza gari litakuwa tayari lini, basi. Yeye aliuliza nitakata kwa zana gani. Nikamwambia grenda ndiyo ya haraka. Akaruka kama nimemmwagia uji wa moto, akasema grenda hapana, cheche hataki kuziona. Nikamtajia msumeno wa chuma, halafu nikaukataa mwenyewe, maana katikati ya sakafu hauna pa kuanzia na ndani ya gari mkono haupati nafasi ya kuusukuma. Nikamtajia tindo na nyundo. Akauliza kama kipande kitatoka kimenyooka. Nikamwambia tindo haikati, inapasua, na kingo hubaki zimejikunja. Hiyo nayo akaikataa. Mwishowe tukafika pale alipotaka tufike: nitoboe kwa drili, nizungushe kwa mkasi wa bati, kingo nizipige tupa, na kipande kitoke kizima bila kupinda.

Dada, fundi huisoma nia ya mteja kwenye zana anayoitaka. Bati bovu hutupwa, hakuna anayejali limetokaje. Anayetaka kipande kitoke kizima anataka kukirudisha, yaani anataka kifuniko. Na kifuniko kikikaa chini ya zulia, chini ya kiti cha abiria, mimi sikuona kazi yake nyingine zaidi ya kuficha kitu.

Nikamtania kama mashemeji tunavyotaniana, nikamuuliza anataka kumficha nani humo, mke mdogo? Hakucheka. Masolwa huyu anayecheka hata msibani! Akatoka kwenda kupiga simu, akasimama nyuma ya mabodi ya magari mabovu. Nami nikasogea na nyundo mkononi kana kwamba kuna kitu natafuta. Nikamsikia akimwambia mtu kwamba shemeji, yaani mimi, hajui, na asijue kabisa.

Tangu hapo kichwa changu hakikutulia. Mjini hapa watu walikuwa wanaongea habari za jamaa aliyekamatwa na meno ya tembo chini ya kiti. Nikakumbuka mumeo alikwenda Sikonge, upande wa mapori, mara mbili mwezi wa nne bila kusema anafuata nini, nawe ulinilalamikia. Nikakuona umekaa juu ya kile kiti, Recheli pembeni yako, askari anafunua zulia. Nani angeamini kwamba mke hakujua alichokalia? Nilikasirika sana.

Hapo ningekuwa mwanaume ningemkabili, au ningemwambia akatafute fundi mwingine. Sikufanya hivyo. Nilingoja aende kula. Umeme ulikuwa umekatika, nikapata kisingizio cha kutotumia drili, ingawa tundu la kuanzia ningeweza kulipiga kwa msumari na kuendelea na mkasi bila shida yoyote. Nikachukua tindo. Dada, nilichukua tindo makusudi, ili kipande kitoke kimepinda, kisifae kuwa kifuniko cha chochote.

Nilipokiondoa nikaona tangi la mafuta liko pale pale chini, na juu yake kile kizibo cha mviringo chenye nyaya. Fundi mwenye akili timamu angeketi akajiuliza. Mimi nikasema, ahaa, amechagua juu ya tangi, mahali ambapo hakuna askari atakayeingiza mkono. Nikakata bati jipya, nikaliziba lile tundu kwa misumari ya ribiti, isiyofunguka, pande zote nne, nikapaka lami, nikarudisha zulia na kiti. Mumeo aliporudi nikamwambia kipande kimeharibika, kwa hiyo nimemwekea sakafu ya kudumu. Alisema asante tu, na kesho yake akaondoka. Ule ukimya wake nikauhesabu kuwa ushahidi mwingine.

Leo asubuhi amekuja hapa Modest, yule fundi wa injini wa Nzega. Amefuata pampu ya mafuta mjini, akapita gereji kunicheka. Aliuliza ni fundi gani anayeziba kwa ribiti tundu ambalo mwenye gari ameomba liachwe wazi. Ndipo akanieleza yote. Pampu ya Noah imechoka, inakaa ndani ya lile tangi, chini ya kile kizibo nilichokiona kwa macho yangu. Mafundi wengi hukata sakafu juu yake ili waifikie bila kushusha tangi zima, kisha huweka kifuniko, maana pampu huharibika tena. Ndiyo maana cheche zilikatazwa. Kamba yenye mafundo ilikuwa ya Modest. Sikonge shemeji alikwenda kutafuta pampu iliyotumika, akakosa.

Nikamuuliza Modest kwa nini shemeji hakuniambia. Akanitazama kwa huruma, na afadhali angenicheka tena. Akanikumbusha kwamba mwaka jana Noah ilipoanza kuzimika njiani, niliyeitengeneza ni mimi. Nilisafisha plagi, nikajigamba kwamba hata injini naziweza, nikapewa jogoo. Ikazimika tena kabla ya Nzega. Masolwa aliona aibu kunirudishia kazi mbovu, na aibu zaidi kusema amekwenda kwa fundi mwingine wakati kaka wa mkewe ni fundi. Kwa hiyo akaniletea kazi ya bati, niliyo na sifa nayo, ili nami niwemo. Alikuwa ananistahi, dada. Mimi nilikuwa namfunga jela.

Kama yangeishia hapo ningepanda basi na jogoo wake mkononi nikaombe radhi. Hayajaishia hapo. Nilipokuwa napiga tindo upande wa kushoto iliteleza ikagusa paipu ya breki. Niliona. Mkwaruzo ulikuwa mdogo, na juu yake kukatoka unyevu kama jasho. Nikaufuta kwa kitambaa, ukarudi. Nikaufuta tena, nikafunika.

Nilijiambia ni kidogo tu. Nilijiambia na jambo lingine, ambalo hata Suzana hajalisikia: kwamba gari likimshinda Masolwa huko njiani pamoja na mzigo wake, shauri yake. Hasira ilinipofusha nisiwaone watu wengine ndani ya gari lile. Nilidai nakulinda wewe, nikaharibu breki chini ya kiti chako. Alifika hapo kwenu Puge siku ile kwa rehema za Mungu, si kwa kazi yangu.

Modest anasema Jumamosi shemeji atajikokota na gari hadi Nzega kufungiwa pampu, na kwamba wewe na Recheli mtapanda mkanunue gauni la kipaimara. Nilipiga simu hapo hapo. Nikasikia sauti za watu mezani, nikashindwa kuusema ukweli. Nikamwambia Masolwa asiliwashe gari, lami haijakauka. Akacheka kidogo, akasema lami ya tangu Alhamisi? Akaniuliza kwa upole kama nataka arudi ili nimtafutie kazi nyingine ya kufanya. Sasa yeye ndiye ananishuku mimi, na Jumamosi ataondoka. Ndiyo maana nimeandika, na Shamila ameapa kukupa barua hii mkononi mwako kesho, siku ya mnada.

Paipu nimeiagiza Mwanza, itafika Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi nitakuwa hapo na paipu, drili na mkasi wa bati. Mpaka nifike gari lisisogezwe hata kwa kusukumwa. Nitaifunga hiyo paipu mwenyewe mbele ya Modest aikague, halafu nitakata tundu ambalo mumeo aliliomba tangu mwanzo. Ukitaka nisikanyage kwenu baada ya hapo, nitakuelewa.

Nisalimie majirani wote, na Recheli mwambie mjomba anamwombea. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Nimebakiza ombi moja. Ukimaliza kusoma mpe shemeji barua hii aisome mwenyewe, yote, hata pale niliposema shauri yake. Mimi mbele yake sitaweza kuyatamka.

Ni mimi mdogo wako,
Wilbroad