Gari Lisilo na Paa Lilipofika Karungu

Migori, Jumapili jioni, Aprili 1996

Mvua imepungua sasa hivi, lakini mikono yangu bado inanuka omena, dagaa wa ziwani kwetu. Nimekaa kitandani na taulo mabegani. Ninaiogopa kesho.

Nianze na sifa za lile gari, nisije nikaonekana mwenye wivu. Viti vyake ni vya ngozi laini. Ukiwa kwenye lami ya kwenda Rongo, injini haipigi kelele; inavuma tu, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Redio yake ina sauti safi. Na siku ya kwanza Bwana Odera aliponipandisha, mji mzima uligeuka kunitazama, nami nilipenda. Sitaficha. Nilipenda sana.

Sifa zimekwisha.

Bwana Odera ni mwajiri wangu. Anauza mabati na saruji hapa mjini, na mimi ni karani wake. Tangu alete gari hilo kutoka Mombasa, huvaa miwani myeusi hata ndani ya duka, akitafuta bei kwa kupapasa. Nyumbani kwake ni Homa Bay, anakoishi mkewe, Mama Felix, na watoto watano. Mama Felix akiwa na shida huja dukani kwa basi, mtoto mgongoni, na mimi ndiye humtafutia kiti. Gari la mumewe lina viti viwili tu. Mtu mwenye watoto watano ananunua viti viwili, halafu anataka tumsifu.

Ijumaa aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Alikuwa amemwona dada yangu Atieno aliponitembelea, na sasa anataka awe mke wake wa pili. Mimi ndiye niwe jagam, mshenga wake.

"Jumapili tunaenda kwenu. Jumatatu unaniletea jibu hapa," alisema. "Na kijana, kuna wengi wanaoitaka kazi yako."

Aliyasema akitabasamu. Mshahara wangu ndio unaowasomesha wadogo zangu. Nilijibu, "Sawa, mzee."

Leo asubuhi tukaondoka. Barabara ya Karungu haina lami, na tumbo la gari lile liko chini mno. Kila jiwe lilipata zamu yake ya kulikwaruza. Kila tulipopishana na lori tulikula vumbi lake lote, maana paa lilikuwa limekunjwa nyuma, naye hakutaka kulifunga. Tulipofika Sori, ufukweni mwa Karungu, suti nyeupe ya Bwana Odera ilikuwa na rangi ya chai. Akina mama waliokuwa wakianika omena walisimama kututazama.

"Huyu si yule wa mabati?" mmoja akauliza.

"Ndiye. Amewauzia watu mabati yote, gari lake likakosa paa!"

Walicheka mpaka wakashikana. Bwana Odera akaongeza sauti ya redio.

Nyumbani, Mama alibaki jikoni. Kwetu, mama mkwe na mtu anayetaka kuwa mkwe wake hawaonani ovyo. Atieno ndiye aliyeleta chai, akaketi. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na huuliza swali akitulia kana kwamba ana kipindi kizima cha kungoja jibu. Bwana Odera alizungumza juu ya gari tu: mbio zake, ngozi yake, nani wa Kisumu alitaka kulinunua akakataa. Dada yangu alisikiliza hadi mwisho.

"Ni zuri," akasema. "Mimi nikiolewa, nitakaa wapi humo?"

"Mbele, kando yangu! Wapi tena?"

"Na Mama Felix?"

Bwana Odera akacheka. "Huyo ameshazoea basi."

Hakuna aliyecheka naye. Nadhani mpaka sasa hajui alichosema.

Kisha wingu likatoka ziwani. Alikimbia nje, akabonyeza swichi ya paa. Paa likainuka nusu, likakwama kwa vumbi, likabaki juu kama bawa la kuku lililovunjika. Akabonyeza tena na tena, akilitukana kwa Kiingereza. Mvua ikashuka. Mbele lilikataa; tukalirudisha nyuma kwa mikono. Mama, bila kuonyesha uso, alinyoosha mkono mlangoni akanipa turubai lake la kufunikia omena. Ngozi yote ile laini nikaifunika kwa magamba ya samaki.

Mvua haikukoma, na Bwana Odera aliogopa barabara isije ikageuka tope. Niliingia jikoni kuaga.

"Mwambie hapana," Atieno akasema.

"Atieno, kazi yangu..."

"Najua, ndugu yangu. Lakini kama mwisho wake ni kupanda basi, nitalipanda sasa, kwa nauli yangu mwenyewe."

Nilimtazama Mama, nikitumaini atanitetea. Alisonga ugali wake kwanza. "Nyathina," akasema, mwanangu, "peleka neno kama lilivyo. Usilipunguze. Na uniletee turubai langu."

Tulirudi hivi: yeye akiendesha, mimi nimepiga magoti juu ya kiti, nimelishika turubai juu ya vichwa vyetu kwa mikono miwili, upepo ukininyang'anya. Magamba yalimwangukia kwenye nywele alizozipaka mafuta.

Mimi ndiye niliyekuwa paa.

"Dada yako amesemaje?" akapiga kelele.

"Nitakuambia kesho, mzee!"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilijificha nyuma ya mvua.

Namdharau. Nimeandika neno hilo na kuliangalia, na ni kweli. Lakini ajabu ni kwamba dharau haijaondoa woga.

Aliponishusha, aliondoka na turubai la Mama. Kwa hiyo kesho nina mambo mawili ofisini kwake. Nilifikiri nianze na turubai, angali na furaha. Hapana. Najijua. Nikishalipata mikononi nitaaga na kutoka, na jibu litangoja Jumanne, kisha Jumatano.

Nitaanza na Atieno.

Akinifukuza, nitatoka na turubai begani. Mvua ikinikuta njiani, mimi nitakuwa na cha kujifunika.