Nimemsamehe Shemeji Redioni, Mbona Amenuna?

Mpendwa mshauri, pokea salamu kwanza halafu upokee machozi, maana nimefika mahali mwanamume mzima ninaketi ukingoni mwa kitanda cha kambini na kalamu mkononi wakati wenzangu wamelala mchana kama kocha alivyoagiza, na nimekuchagua wewe kwa sababu dada yangu mdogo hagusi ukurasa mwingine wa gazeti hili kabla ya huu wako, akiwa saluni kwake huwasomea wateja kwa sauti huku akisuka, nami nikasema kama kuna mtu anayesikilizwa katika familia yetu basi ni wewe.

Mimi ni beki wa kati, nahodha wa klabu yangu na nahodha wa timu ya taifa, jina naomba usilitaje, ila mashabiki wananiita Komeo na hawakuniita hivyo bure, nimecheza misimu mingi majukwaa yakiniimba, na goli likiingia muulize yeyote atakwambia halikupitia upande wangu. Pembeni yangu, klabuni na timu ya taifa, anacheza shemeji yangu, mume wa huyo dada, ambaye ni mimi niliyemwombea nafasi klabuni na ni mimi niliyemkaribisha nyumbani siku alipomwona dada yangu kwa mara ya kwanza, kwa hiyo kazi na mke vyote amevipata kupitia kwangu, na sijawahi kumkumbusha ila mara mojamoja tu pale inapobidi.

Sasa mshauri, tulikwenda ugenini kucheza mchezo wa kwanza kati ya miwili ya kufuzu, tukawa sare mpaka karibu na mwisho, wakaanza kujenga shambulizi, nami kama kiongozi nikapaza sauti “Pandeni!” ili tuwatege washambuliaji waotee, mabeki wote wakapanda mbele, mimi nikabaki hatua chache nyuma kama kawaida yangu siku hizi, maana nahodha lazima auone uwanja wote, na pia magoti yangu asubuhi hayakunjuki mpaka niyakande kwa maji ya moto kwa hiyo sipendi mbio za kugeuka ghafla, basi mpira ukapigwa, mshambuliaji wao akachomoka peke yake, mimi nikanyanyua mkono juu kumwonyesha mshika kibendera kwamba huyu ameotea, mshika kibendera kwa sababu anazozijua mwenyewe akajikausha, na shemeji badala ya kusimama na kunyanyua mkono kama mimi akatoka mbio kutoka kule mbele, akamfikia yule mtu, akajitupa, mpira ukamgonga kwenye ugoko ukaingia langoni kwetu. Nikamgeukia, nikafungua mikono yote miwili, nikamuuliza, “Unafanya nini wewe?” Sikuwa na nia mbaya, hiyo ndiyo desturi yangu goli linapoingia, beki lazima amwamshe mwenzake, bahati mbaya kamera zilitushika hapohapo, na picha hiyo ndiyo iliyozunguka kila mahali, mimi na mikono yangu, yeye ameketi kwenye nyasi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kocha akauliza, “Nani alibaki nyuma?” mimi sikusema kitu, nikamtazama tu shemeji, na yeye mwenyewe kwa kinywa chake, sikumlazimisha, akajibu, “Ni mimi, kocha.” Sasa mtu amekiri mbele ya timu nzima, mimi ni nani nimkatalie?

Tuliporudi nyumbani watu hawakumwacha, wamembandika jina la Lango Wazi, watoto wanamwita hivyo akipita, na usiku mmoja mtu asiyejulikana akaandika jina hilo kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa saluni ya dada yangu, amesugua mpaka kucha zimeharibika haikutoka, mimi nikamshauri apake rangi nyingine juu yake, ushauri mzuri kabisa, akanitazama kama sisemi lugha yake. Nikaona nifanye la maana zaidi, nikaenda redioni, nikasema shemeji ni binadamu, kosa ni la kawaida, mimi binafsi nimemsamehe na naliomba taifa zima limsamehe, hata mtangazaji alisema nahodha una moyo wa pekee.

Mshauri, jioni ileile shemeji akaja mlangoni kwangu, hakuketi, maji hakunywa, akasema, “Umenisamehe? Umenisamehe nini, kaka?” nikamwambia tulia, akasema, “Nilikubebea kwa sababu ya mke wangu, nikadhani utasema mwenyewe ukitulia. Basi mimi sichezi tena na wewe.” Kesho yake akamwambia kocha hivyohivyo na hajaja kambini, yuko nyumbani, anamsaidia dada kufagia saluni, na kocha ameniita akaniambia, “Hayo mambo ya kwenu yamalize kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo naanza na vijana kati na nyinyi wawili mtatazama.” Ijumaa hiyo mchana ninakaa mbele ya waandishi wa habari, Jumapili ni marudiano hapa nyumbani, na huenda hii ndiyo safari yangu ya mwisho ya kuipeleka nchi popote.

Nyumbani kwangu nako hakuna raha, mke wangu hanisemeshi, kicheko pekee ni binti yetu mdogo, juzi alidondosha glasi mezani ikapasuka, akamgeukia mdogo wake akafungua mikono yote miwili, “Unafanya nini wewe?” nikacheka mpaka machozi, kipaji kinarithiwa kweli.

Swali langu ni hili, nimfanyeje shemeji arudi kucheza na mimi Jumapili bila mimi kusema maneno yatakayowavunja moyo mashabiki, maana watu wakipoteza imani na nahodha timu nzima inayumba, sijifikirii mimi, nafikiria taifa. Naomba uichapishe barua hii ili watu wapime nani kamkosea nani.

Ni mimi, Nahodha Mwenye Moyo wa Pekee.

*

Bwana Komeo,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Niliposoma mara ya pili nikafika kwenye kucha za dada yako, kicheko kikaisha, na hakijarudi.

Unaniuliza nani kamkosea nani. Mwanangu, umelijibu mwenyewe. Liko pale katikati ya barua, katika ile sentensi isiyo na mwisho, umelipitia harakaharaka ukitumaini nitakuwa napepesa macho. Uliwaambia wenzako wapande. Wakapanda, maana wewe ni nahodha na wao ni watiifu. Wewe ukabaki. Mpira mimi sikuusomea popote, nauangalia nikisubiri taarifa ya habari, lakini hata mimi najua mshambuliaji hajaotea kama kuna beki aliyebaki nyuma, kati yake na kipa. Beki huyo alikuwa nani? Mshika kibendera hakujikausha. Alikuona.

Kwa hiyo mtego uliuita wewe na ukauharibu wewe. Halafu ukasimama, mkono juu, kama mtu anayesimamisha gari, na mwenzako akatoka mbali kwa miguu yake kwenda kuziba shimo ulilolichimba. Akachelewa kidogo tu. Ukamfungulia mikono mbele ya kamera.

Mahali pamoja nakuonea huruma, na nakwambia kwa moyo mweupe. Ni hayo magoti. Najua inavyouma kuamka asubuhi na kukuta mwili umeanza kudai ruhusa ya kustaafu kabla yako. Ungesema, “Kocha, siwezi tena kupanda nao kwa kasi ile, tupange vingine,” hakuna mtu mwenye akili angekucheka. Mabeki wakubwa wamezeeka kabla yako na watazeeka baada yako. Lakini wewe uliona heri uiweke aibu ya magoti yako mgongoni kwa mume wa dada yako, naye akaibeba kimya, na ulipoona anaibeba vizuri ukamwongezea.

Pale chumbani kocha alipouliza, unasema hukusema kitu, ulimtazama tu. Tu! Nimeishi na mtu wa “tu”. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kutazama. Gari likigoma kuwaka, ananitazama. Chai ikifurika jikoni yeye akiwa ndiye amekaa karibu na jiko, ananitazama. Nilimpenda, lakini nilizeeka mapema kwa ajili ya yale macho. Kwa hiyo usinieleze mimi habari za kutazama tu.

Na redioni ulikwenda kufanya nini? Kumsamehe mtu! Nahodha, msamaha hutolewa na aliyekosewa. Wewe ulichukua kosa lako, ukalivisha jina la mwenzako, ukalipeleka kwenye kipaza sauti, kisha ukalisamehe na kupongezwa. Nimejibu barua ukurasa huu kwa muda mrefu, nimeandikiwa na wazinzi, wachoyo na waongo wa kila aina, ila mwenye macho makavu kama wewe sijapata. Hata ule mlango wa dada yako ulikuwa na ushauri nao: apake rangi. Yeye apake! Kwa kucha zipi?

Halafu unaniambia hujifikirii, unalifikiria taifa. Taifa halijakutuma. Mashabiki hawavunjiki moyo nahodha akikosea, wamekwishakuona ukikosea mara nyingi kuliko unavyojua, hawako vipofu. Unachoogopa ni kwamba jina la Komeo litabanduka, na chini yake watu wataona mtu wa kawaida mwenye magoti mabovu. Basi wamwone. Ni mtu ambaye hata shemeji yako angekubali kucheza naye.

Kuhusu huyo binti yako, usirudie kucheka. Hicho si kipaji. Mtoto amevunja glasi, na kitu cha kwanza alichokitafuta ni mdogo wake wa kumbebesha. Amekusoma wewe, na amekusoma vizuri. Leo ukitoka huko uliko, kaa naye mumwombe mdogo wake radhi, yeye kwa glasi na wewe kwa kumfundisha.

Sasa nisikilize, maana sitarudia.

Omba ruhusa kambini ukaende saluni kwa dada yako. Usipige simu, usitume mtu, usimtangulize mkeo. Nenda asubuhi wateja wakiwepo, kwa sababu alitukanwa mbele za watu. Pita dukani ununue kopo la rangi na brashi, na ule mlango uupake kwa mkono wako mwenyewe, wapita njia wakikutazama na wakikuuliza, nawe uwajibu kwa nini unaupaka. Shemeji yako akitoka na ufagio wake, mwambie hivi: “Nilibaki nyuma mimi. Goli lilikuwa langu. Nilikuacha uchafuliwe.” Usiseme “lakini”. Usiseme “ila na wewe”. Ukimaliza funga mdomo na umwache aseme au anyamaze apendavyo. Huna haki ya kumharakisha.

Kisha mchana, mbele ya waandishi, sema maneno hayohayo, kwa utaratibu uleule. Wakikuuliza kama mshika kibendera alikosea, jibu hapana. Wakikuuliza kama shemeji amekusamehe, waambie wamuulize yeye. Ukitoka hapo mweleze kocha habari ya magoti, na akikuweka benchi Jumapili, kaa kwenye benchi na upige makofi. Shemeji yako akicheza bila wewe, wewe ndiye utakayekuwa shabiki wake wa kwanza, na wakimwita lile jina jukwaani, wewe ndiye utakayesimama kuwakanya.

Utaniuliza kama hayo yatamrudisha. Sijui. Ulimweleza kwa nchi nzima kwa namna moja, sasa utamweleza kwa namna nyingine, na baada ya hapo uamuzi ni wake. Mtu mliyekula naye meza moja miaka yote hii anastahili angalau hilo, hata kama hatacheza nawe tena maisha yake yote.

Neno la mwisho. Nilikupigia simu kabla ya kuipeleka barua hii mtamboni, nikakuuliza kama hungependa nikujibu faraghani. Nilikuuliza mara mbili. Ukaniambia, “Chapa yote, mama, usipunguze hata nukta, watu waone nilivyovumilia.” Nami nimechapa yote. Jina lako sikulitaja, kama ulivyoomba. Lakini sema kweli, nahodha wa timu ya taifa anayeitwa Komeo, mwenye shemeji pembeni yake, hapa kwetu wako wangapi?

Leo ni Ijumaa. Gazeti limeshafika mitaani, na dada yako, umeniambia mwenyewe, anaanza na ukurasa huu na husoma kwa sauti. Saa hizi ameshafungua saluni na mteja wa kwanza ameketi. Shemeji yako yuko hapohapo na ufagio. Dada yako amekwishapita pale kwenye “Pandeni!”, na kila mstari unaousoma wewe, naye anausogelea. Bado unaweza kumfikia kabla hajamaliza, uwe ni wewe uliyemwambia na si mimi.

Safari hii, Bwana Komeo, usinyanyue mkono. Kimbia.