Transit Amemng'ata Amoding

Jumamosi, Malaba

Mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua likatoka kali kama halijui lolote. Moyo wangu ndio bado una mawingu.

Amoding hataki kuniona.

Sisi wawili hujitolea kila Jumamosi katika kituo cha kuokoa wanyama, nje kidogo ya mji. Mbwa wetu wengi huokotwa kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Dereva humfuga mbwa wa kulinda mzigo, halafu siku moja foleni inasonga na mbwa anabaki. Ndivyo tulivyompata Transit. Amoding ndiye aliyempa jina hilo, akilitoa kwenye maandishi ya ubavuni mwa malori hayo, na ndiye peke yake anayeweza kumkaribia.

Transit anaogopa glavu. Akiziona hujikunyata pembeni na hali chakula. Kwa hiyo leo Amoding alizivua, akaingiza mkono mtupu bandani kumsogezea sahani wakati mbwa ameshaanza kula. Na jambo la kwanza tulilofundishwa hapa ni kutomgusa mbwa anayekula.

Alimng'ata kidole gumba. Damu ilikuwa tone tu.

Nilipomfikia alikuwa ameshaomba pilipili ya kusaga jikoni na kuipaka kwenye kidonda, kama nyanya yake anavyofanya huko Kocholia.

"Mbona unaniangalia kama maiti?" akacheka. "Pilipili inatoa sumu yote. Wewe dada ni mwoga, hata kuku anaweza kukukimbiza."

Nikamvuta hadi kwenye mfereji, nikamwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano nzima, huku akinitukana kwa Kiteso. Transit hajachanjwa. Hatujui ametoka wapi. Nikamwambia lazima twende hospitali.

Kicheko kikaisha.

"Ukisema, watamdunga afe," akaninong'oneza. "Tafadhali. Ni mkwaruzo tu."

Nakiri kwamba nilisita. Hofu yake si ya kijinga. Kwetu mbwa aking'ata mtu haulizwi kitu, hupigwa rungu. Lakini kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hakuna dawa ya kumrudisha mtu.

Transit nampenda. Amoding nampenda zaidi.

Nikaenda kwa daktari wa mifugo anayesimamia kituo, nikamweleza yote. Hakugusa sindano. Alisema Transit atatengwa siku kumi, alishwe bila kuguswa, aangaliwe. Akibaki mzima, atachanjwa na kuishi. Amoding akapelekwa hospitalini kwa boda, akadungwa chanjo ya kwanza. Zimebaki nyingine.

Kabla ya kupanda boda alinigeukia. "Umemchongea mnyama asiye na mdomo."



Jioni nilimpelekea Transit chakula. Glavu nilizivaa, ila mikono niliificha nyuma ya mlango, nikasukuma sahani kwa fimbo kupitia upenyo wa chini. Alinusa, akarudi kulala. Nimeondoka hajaonja. Kama hatakula siku zote hizo, nitakuwa nimemwokoa kutoka kwa nini?

Nikiwa naandika haya, simu imelia. Ujumbe wa Amoding. Hakuna salamu, hakuna jina langu.

"Mpe omena. Umtolee vichwa, huwa vinamkwama."

Sijui kama huo ni msamaha. Omena, dagaa wa ziwani, nimeshawaloweka, na sasa natoa vichwa, kimoja kimoja.