Akibanwa

4 Machi

Mdogo wangu daktari,

Hujambo? Wifi na wanao hawajambo? Mimi mzima wa mwili, ila nina hasira, na hasira zenyewe ni juu yako.

Yule mgonjwa wako wa pumu wa darasa la tatu, tunayemwita Kasuku kwa domo lake, jana nusura atufie. Kwenye fomu uliyoniletea hapa shuleni uliandika, “Akibanwa, aletwe kwa nesi mara moja.” Na yeye ukamfundisha aseme hivyo hivyo. Basi akanyoosha mkono: “Mwalimu, nimebanwa.”

“Vumilia. Chooni ni wakati wa mapumziko.”

Darasa zima likacheka. Akavumilia. Walipomleta kwangu midomo ilishabadilika rangi, hata kuvuta dawa hawezi. Nilimpulizia dawa yake ndani ya chupa ya maji niliyoitoboa kitako, akaivuta polepole mdomoni mwa chupa, kisha tukamkimbiza hospitali ya wilaya.

Amebanwa na nini, kifua au haja? Neno moja tu lilikushinda kuongeza?

Dada yako

9 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi wazima, wifi yako anakusalimu. Wewe yale mafua ya mwezi uliopita yamekwisha?

Umenionea. Naona wagonjwa sitini kwa siku, na neno hilo wote wanalielewa. Fomu ulikaa nayo tangu Januari, ukaisoma, ukatia sahihi. Mbona hukuwaeleza walimu? Usinitwishe zigo peke yangu.

Mdogo wako

12 Machi

Marahaba.

Ni kweli, nilisoma nikaelewa, kwa sababu mimi ni nesi. Sikuwafikiria walimu. Hilo nimelilia, na nitaendelea kulilia.

Lakini barua yako nimeirudia mara tatu. Umeulizia mafua yangu. Mtoto hukumuulizia. Usiniandikie tena mpaka ujue hali yake.

Dada yako

30 Machi

Dada, shikamoo.

Sina uso wa kukuuliza hali. Nimetoka kwao Kasuku. Ametoka wodini wiki iliyopita, kifua ni safi, anakula. Mama yake alinikaribisha, mimi nikashindwa hata kukaa.

Nilimuuliza mtoto, ukibanwa tena darasani utasemaje? Akatazama miguu yake.

“Sitasema. Watacheka.”

Dada, nimekasirika, na wa kumkasirikia ni mimi. Jumatatu saa mbili asubuhi nakuja shuleni. Nikusanyie walimu wote. Wewe utawaonyesha dawa inavyovutwa, mimi nitawaomba radhi. Mpaka siku hiyo, nakusihi, usimruhusu aingie darasani bila wewe kukaa humo.

Mdogo wako