Kengele ya Chancelle na Nkambo Yake

Kalemie, 4 Februari 2024

Papa Ngoy,
Salamu sana toka kwetu. Magoti yako yanaendeleaje? Siye tuko, mutoto mudogo anaota meno, silali.

Papa, neno njo hili. Chancelle alisahau kuanua ndakala, zile samaki zetu ndogo, mvua ikazilowesha zote. Nilimugombeza mara moja tu. Toka siku ile hagusi kitu. Hata sahani anauliza: "Mama, niweke hapa? Kweli hapa?" Jana nikachoka, nikamufokea, nikikutaja wewe: "Uko kama nkambo yako tu! Kosa moja, unakunja mikono!" Maneno hayo yananichoma.

Munganga Agathe wa kituo cha afya ananiambia kuna watu wanazaliwa na bongo yenye kupiga kengele ya nguvu wakikosea. Kwa wengine inalia polepole. Sehemu inatoka kwa damu ya wazazi, ingine kwa namna tunavyomuchunga mutoto. Papa, kwako nako inalia?

Binti yako,
Rosine

Kongolo, 27 Februari

Rosine mama,
Nimekusoma. Magoti ni yale yale.

Inalia mpaka leo. Siku ile ya kazi kwenye reli nilivuta vibaya mukono wa chuma wa kugeuza njia, treni ikaingia njia isiyo yake. Hakuna aliyeumia. Shefu wa kazi mwenyewe alicheka: "Ngoy, leo umetupeleka matembezi!" Mimi nilisikia kama nimeua muntu. Nikaacha kazi, na ninyi mukaacha masomo. Uliniita muoga. Sikukasirika.

Damu hiyo njo nimemupa Chancelle. Unisamehe.

Papa yako

Kalemie, 20 Machi

Papa,
Tumeamuka wazima. Magoti, upake mawese ya moto.

Nilikuita muoga, kumbe ulikuwa unasikia kelele ambayo mimi siisikii. Wa kuomba musamaha ni mimi. Lakini damu haikukukataza kurudi kazini, Papa. Hiyo siwezi kuifunika, maana sitaki mutoto naye aache.

Nilimusomea Chancelle barua yako. Akauliza: "Kisha Nkambo alirudi kushika ule mukono?" Nikasema hapana. Akafikiri. "Basi aje. Mimi nitaanika, yeye achunge mawingu."

Unakuja kufanya kazi, si kupumzika. Mukikosa, tutakula ndakala zilizolowa.

Rosine wako

Kongolo, 9 Aprili

Rosine mama,
Kukawia kujibu si ugonjwa. Juma iliyopita nilifika kwenye gare ya treni na mufuko wangu. Kengele ikalia: nikikosa mbele ya mutoto? Nikarudi nyumbani.

Leo niko hapa tena. Inalia. Treni nayo imekwisha kufika.

Barua hii simupi muntu akuletee. Nitakupa mwenyewe.

Papa yako